Kinga ya Mzee Klachi

Wanafunzi wake walimwita Mzee Klachi, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akikaa kiti cha pembeni katika gari dogo jeupe lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa, akiimba wimbo mmoja tangu asubuhi hadi jioni: kanyaga klachi, achia klachi, taratibu, kwani nani kafa tunamkimbilia? Gari lile lilikuwa na pedali pande zote mbili, kama magari mengi ya kufundishia, ili mwalimu aweze kuokoa jahazi mwanafunzi akichanganyikiwa. Walimu wengine walikuwa wakikanyaga breki kimyakimya, kisha wanamvisha mwanafunzi kilemba cha ukoka: umeona ulivyosimama vizuri? Mzee Klachi hakuwa na tabia hiyo. Kila alipogusa breki yake alisema papo hapo, "Hiyo ilikuwa yangu. Wewe ungeshamlaza yule mwenye baiskeli." Wapo waliolia. Wapo waliohamia kwa mwalimu mwenye ulimi laini. Waliobaki walijua kwamba siku akisema "hiyo ilikuwa yako", basi ni yao kweli, na walifika nyumbani wakijisikia watu.

Doa lilimwanzia chini ya kisigino cha mguu wa kushoto, jeusi, dogo kama punje ya dengu. Mguu wa kushoto ndio wa klachi, kwa hiyo mwenyewe akalibatiza sugu ya klachi na akawa anavua kiatu kuwaonyesha walimu wenzake, kana kwamba ni nishani ya utumishi. Lilikua. Likaanza kutoa majimaji na kulowesha soksi, na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akizifua soksi hizo, akamsumbua mpaka akaenda hospitali. Likakatwa. Baada ya muda tezi ya kinena upande huohuo ikavimba, nayo ikakatwa. Akapigwa picha za kifua, na siku ya majibu binti yake mkubwa akaomba ruhusa kazini ili amsindikize.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo, kwa mwalimu wa udereva, lilikuwa aibu tupu. Walikuwa wameketi mbele ya daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na alikuwa bado anazipanga picha, mara mlinzi akachungulia mlangoni kuuliza ni nani mwenye gari jeupe lililoziba njia ya gari la wagonjwa. Mzee Klachi akainuka mbio. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukosolewa juu ya maegesho, alisimama huko nje akabishana na mlinzi kuhusu mstari wa njano mpaka koo likamkauka. Aliporudi, binti yake alikuwa ameshatoka, amesimama kwenye korido, ameukumbatia mkoba wake kifuani.

"Mambo mazuri, baba," alisema. "Kidonda wamekitoa chote. Ila wanataka upate dawa ya kinga."

"Kinga ya nini?"

"Kisirudi."

Mzee Klachi aliona jambo hilo lina akili. Yeye mwenyewe alikuwa akibadilisha oili kabla haijaisha. Akamuuliza kama wanaweza kwenda nyumbani sasa, wakaenda, na njiani akamsimulia jinsi alivyompa mlinzi vidonge vyake.

Wewe msomaji umeshaelewa, na usimcheke. Daktari alikuwa amemwambia binti kwamba ile haikuwa sugu bali saratani ya ngozi, aina inayopenda kujificha chini ya nyayo, na kwamba imeshapanda mapafuni. Alimwambia pia kwamba ipo dawa ya dripu ambayo haiuui uvimbe yenyewe, bali huamsha kinga ya mwili ili kinga ndiyo iushambulie. Mgonjwa huja kliniki asubuhi, anatundikiwa dripu, na mchana anarudi kwake, kila baada ya wiki tatu. Dawa ya kuamsha kinga. Binti alilikata jina hilo kichwa, akamletea baba yake mkia.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti vikubwa vya kuegemea vilivyopangwa kando ya dirisha refu, kila kiti na mti wake wa chuma wa kutundikia chupa. Kwanza mtu anapimwa uzito, kisha damu, kisha anasubiri majibu ya damu, kisha anasubiri dawa ichanganywe. Dawa yenyewe haikuchukua muda kuisha. Kilichowazeesha watu mle ni kusubiri. Mzee Klachi alipapenda. Sista alikuwa na mkono mwepesi, anaupata mshipa mara moja, na kulikuwa na watu wa kuwapigia soga.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa mzee wa kiti cha jirani, seremala aliyestaafu, mikono mikubwa, kidole cha shahada kimekatika nusu. Seremala naye alikuwa na domo. Wakataniana kuhusu fani zao, huyu akisema mbao haijawahi kumgonga mtu barabarani, yule akijibu kwamba gari halijawahi kumkata mtu kidole akalipenda hata hivyo. Mara ya pili kukutana, dripu zote mbili zikiwa zinadondoka, Seremala akamuuliza, "Yako imeanzia wapi?"

"Ipi?"

"Mimi figo. La kushoto. Wamelitoa, lakini lilishatuma wajumbe kwenye mifupa. Wewe je?"

"Ah, mimi sina kitu," Mzee Klachi akasema. "Mimi nimekuja kwa kinga tu."

Seremala alimtazama. Akaitazama chupa iliyoning'inia juu ya kichwa cha mwenzake, akaitazama ya kwake, zimefanana kama mapacha. Akakohoa kidogo, akaanza kueleza namna ya kuzuia mlango usijikunje wakati wa mvua.

Jioni hiyo Mzee Klachi alimsimulia mkewe kwa masikitiko ya kweli. "Kuna mwenzangu mmoja pale ana saratani ya figo, imemwingia mpaka mifupani, na bado anacheka. Sisi tumshukuru Mungu, mke wangu. Sisi ni kinga tu." Mkewe aliinuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Alikaa huko kitambo, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Baada ya dripu ya tatu tumbo likaanza kumwendesha. Siku ya kwanza alilaumu maharage. Wiki ilipokatika alikuwa hawezi kumaliza somo moja bila kumwamuru mwanafunzi aingie kituo cha mafuta, si kwa ajili ya mafuta. Hakumwambia mtu. Sehemu ya sababu ni aibu, kwa maana mwanamume hamsimulii binti yake habari za chooni. Lakini sehemu kubwa ilikuwa hesabu yake mwenyewe, na hesabu yenyewe haikuwa ya kijinga. Watoto wake wote walipochanjwa walichemka homa, na kila mara mkunga alikuwa akimtuliza kwamba homa ni dalili chanjo imeshika. Sasa kama chanjo hushika kwa homa, kinga nayo si ndiyo hii imeshika? Kwa hiyo kadiri tumbo lilivyomwendesha ndivyo alivyozidi kufurahi moyoni. Alikaza mkanda tundu moja, kisha jingine, akajikaza kisabuni.

Alipofika kwa dripu ya nne alishika ukuta akitoka kwenye mzani. Sista akasoma uzito mara mbili.

"Mzee, unaharisha?"

"Kama bomba lililopasuka," Mzee Klachi akasema, na akatabasamu. "Imeshika, sista. Safari hii imeshika barabara."

Sista hakutabasamu. Aliweka kitambaa cha kufungia mkono mezani, akamwita daktari. Daktari akaja amevaa miwani yake machoni, akamwuliza ni siku ngapi, mara ngapi kwa siku, kuna damu au hakuna. Kulikuwa na damu. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na kila jibu la baba yake lilimfanya alishike kwa nguvu zaidi lile egemeo la kichwa.

"Mzee," daktari akasema, "kinga uliyoamshiwa imegeuka inashambulia utumbo wako. Hii tuliieleza. Tulisema ukiharisha tu, hata usiku wa manane, upige simu. Utumbo unaweza kutoboka, na ukitoboka tunazungumza habari nyingine."

"Mimi niliambiwa nikijisikia vibaya niseme. Sikujisikia vibaya."

"Dawa naisimamisha leo. Unalazwa. Uvimbe wa mapafuni tutauangalia kwa picha ukishapata nafuu."

"Uvimbe gani?"

Daktari alivua miwani. Akamtazama binti. Kwenye viti vingine watu wakaanza kuangalia miguu yao.

"Mzee, binti yako aliniambia unajua kila kitu," daktari akasema taratibu, "ila hupendi ugonjwa utajwe kwa jina. Akaniomba tukizungumza nawe tutumie neno kinga. Nilipokuuliza kama una swali, ulinijibu kwamba kinga ni jambo jema."

"Nilisema hivyo."

"Ilikuwa juu yangu kukuuliza wewe, uso kwa uso, kwa jina lake. Sikukuuliza. Hilo ni kosa langu." Kisha akalitaja jina lenyewe, na mahali ugonjwa ulipofika, bila kupamba.

Mzee Klachi hakupiga kelele. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kumtazama Seremala, na Seremala, aliyekuwa akitazama dirishani, akajua anatazamwa.

"Nilijua tangu siku ile," Seremala akasema. "Sikutaka niwe mimi wa kukuambia. Nisamehe, ndugu yangu."

Basi hata mtu wa kiti cha jirani alijua. Walimbeba kwenye kiti cha magurudumu kwenda wodini, na binti akafuata nyuma na mkoba wake.

Wodini walimpa dawa ya kuituliza ile kinga, na wiki nzima alilala chali akitazama feni ya dari na kuchambua miezi iliyopita kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Ndipo akaanza kuelewa. Mwenye duka la mtaani, aliyekuwa hampi mtu hata tabasamu la bure, tangu lini alikuwa akimtolea kiti akae? Alijua. Mkuu wa shule ya udereva alimwondolea masomo ya mchana wa jua kali, naye akadhani hatimaye ameheshimiwa kwa ukongwe wake. Alijua. Mkwewe, ambaye zamani alionekana kwa nadra kama kupatwa kwa jua, alikuwa akija kila Jumapili kuuliza hali. Lakini lililomkata maini zaidi lilikuwa jambo dogo sana. Mkewe alikuwa ameacha kucheka vichekesho vyake tangu watoto wakiwa shule ya msingi, na haki yake, maana vilikuwa vilevile. Miezi hii alirudia kuvicheka. Alicheka hata kile cha padri na giya ya nyuma. Mzee Klachi alikuwa amefurahi mno, akadhani mapenzi yamerudi. Kumbe alikuwa anachekewa kama maiti mtarajiwa.

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakusubiri hata viatu vimtoke miguuni. Aliketi sebuleni, akawaita mkewe na binti yake, akawaambia wakae.

"Nani alianza?"

"Mimi," binti akasema.

"Nami nikakubali," mkewe akadakia. "Usimtupie mtoto peke yake. Tulikuhurumia, baba watoto."

"Mlinihurumia mimi, au mlijihurumia nyinyi msije mkaniona nikilia?"

Mkewe akainama. Binti ndiye aliyeinua uso, na alikuwa na uso wa baba yake, hata namna ya kukaza taya. "Baba, sikukudanganya. Ni dawa ya kinga kweli. Muulize daktari."

"Mwavuli ni kinga. Unakinga mvua ambayo bado haijakulowesha. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, wewe ukanipa mwavuli ukaniambia mbingu ni nyeupe. Usipindishe maneno, mwanangu. Sista alikueleza mambo ya kuharisha, alikueleza au hakukueleza?"

"Alinieleza."

"Ukanifikishia?"

"Nilikuambia ukijisikia vibaya useme."

"Kwa nini hukunifikishia kama ulivyoambiwa?"

"Ningekuambia kinga inaweza kukuua, ungeuliza kinga gani hiyo. Na ukishauliza moja ungeuliza yote." Machozi yakaanza kumtoka, lakini sauti haikutetereka. "Baba, wewe mwenyewe ndiye uliyesema. Siku tunamzika baba mkubwa, ulisimama pale uani mbele ya watu wote ukasema kaka yangu hakuuawa na ugonjwa, kaka yangu ameuawa na kuambiwa. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sufuria. Ningefanya nini?"

Ni kweli alisema. Kaka yake alipewa majibu siku ya Jumatatu, akageukia ukuta, akakataa chakula, na mwezi haukuisha. Mzee Klachi alikaa na maneno yake mwenyewe yaliyomrudia, yakamkera zaidi kwa kuwa yalikuwa yake.

"Nilisema juu ya kaka yangu," akasema mwishowe. "Juu yangu sikusema. Hukuja kuniuliza. Nimekaa kiti cha pembeni miaka yote hii, watoto wa watu wamenitukana na kunililia, na hakuna hata mmoja niliyemwacha aamini amesimamisha gari yeye kumbe nimesimamisha mimi. Wewe nilikufundisha mwenyewe. Je, nilikudanganya hata mara moja?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo alizungumza na binti yake kama mtu anavyozungumza na karani wa dirishani: saa ngapi, ndiyo, hapana, asante. Ile asante ilimuumiza binti kuliko tusi. Mkewe alijaribu kuwapatanisha, akapigwa chenga. Mkewe mwenyewe alisamehewa nusu, kwa sharti moja lililosemwa bila tabasamu: asicheke tena kichekesho kisichomchekesha. Kwa hiyo nyumba ikawa kimya wakati wa chakula, na Mzee Klachi akauona ukimya ule mchungu, lakini angalau ulikuwa wa kweli.

Usiku hakuogopa kifo kama alivyotarajia. Aliogopa kitu kingine, kwamba siku zilizobaki, ziwe chache au nyingi, hatajua tena yupi anamwambia nini kwa sababu gani. Mjukuu akimwambia babu umenenepa, anamtazama mama yake kwanza. Hilo liliuma, na alilisema waziwazi kwa Seremala walipokutana kwenye benchi la kupimia damu: "Wameniibia watu wangu wote, mwenzangu. Niko nao na siko nao." Seremala akasema hana la kumfariji, na hilo likamfariji kidogo.

Ikafika siku ya majibu ya picha. Binti alikuja asubuhi kama kawaida, akakaa nyuma ya usukani, na baba akakaa kiti cha pembeni bila kumkosoa hata alipoingia mzunguko kwa giya isiyofaa. Hospitali waliegesha mahali panaporuhusiwa. Kwenye mlango wa daktari binti aliinuka ili waingie pamoja.

"Wewe subiri hapa," Mzee Klachi akasema.

"Baba, tafadhali."

"Hapa."

Akaingia peke yake. Akamwambia daktari kwamba leo anataka aambiwe yote, kwa jina lake, na asipunguziwe hata chembe. Daktari akavaa miwani, akageuza kioo cha kompyuta ili waone wote wawili. Akamwonyesha picha ya zamani ya mapafu, madoa meupe aliyoyahesabu kwa ncha ya kalamu, kisha ya sasa. Madogo mengi hayakuwepo. Doa kubwa lilikuwa limesinyaa likabaki nusu. Daktari akaeleza kwamba kinga ikishaamka wakati mwingine huendelea na kazi hata dawa ikisimama, kwa hiyo watakaa bila dripu na kuangalia kwa picha. Hakuahidi kwamba ndiyo imekwisha, na alisema wazi kwamba inaweza kurudi. Lakini leo, alisema, majibu ni mazuri. Mzee Klachi akauliza maswali yake yote, hata ya chooni, yakajibiwa yote. Akatoka miguu ikiwa myepesi, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe alitamani kumwambia mtu jambo, na mtu huyo alikuwa amesimama pale pale kwenye korido, ameukumbatia mkoba wake kifuani.

"Amesemaje?"

"Mengi yametoka," akasema. "Kubwa limebaki nusu. Dripu basi kwanza, wataangalia kwa picha. Inaweza kurudi, lakini leo majibu ni mazuri."

Binti akamtazama machoni, kulia kisha kushoto, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Akamshika baba yake mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, nakuomba," akasema. "Najua nilikukosea. Lakini usinilipize hivi. Niambie ukweli tu, nitauweza."

"Ndio huo."

"Baba."

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye viti wakaangalia pembeni. Mzee Klachi akarudia yote tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno kama daktari alivyoyasema, na kadiri alivyoyarudia ndivyo binti alivyozidi kulia, akitikisa kichwa na kumwambia kwamba anaelewa kwa nini anamficha. Baba alikuwa ameshamwambia ukweli wote, na hakuwa na mwingine wa kumwongezea.